Ngeli ya Hamira

"Imelala!"

"Amelala."

"I, wewe! I! Kama imeanguka, kama imechacha, kama imefungwa pakitini ikauzwa dukani. Hamira imelala. Futa hiyo a ubaoni."

"Gusa chupa kwanza, Bwana Mkufunzi. Ana joto humo ndani."

"Sikuja hapa kugusa. Nimekuja kukagua."

Mkufunzi Ngwali na Mwasiti walikuwa wakibishana hivyo katikati ya kipindi cha tatu, na katika mji ule kipindi cha tatu hakikuwa na mwisho. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa. Ndivyo watu walivyosema, imekufa, bila hata mmoja kujiuliza iliishi lini. Watoto waliingia darasani wadogo, wakaota ndevu na maziwa humo humo kipindini, wakatoka, wakarudi wakaguzi wenye vitambi, wakakuta somo ubaoni ni lile lile waliloliacha: Kiumbe Hai na Kisicho Hai. Mkufunzi Ngwali alikuwa mmoja wao. Mwasiti alimkumbuka vizuri sana: dawati la mbele, kamasi hazikauki, mtoto mwepesi wa kulia akinyimwa zamu ya kufuta ubao. Alimfuta pua kwa upindo wa kanga yake mpaka upindo ukakakamaa. Leo Ngwali ana suti ya kaunda na rula ya chuma, na Mwasiti angali palepale mbele ya ubao, chaki mkononi, mwalimu wa mazoezi.

Hapa ni lazima lielezwe jambo la a, maana bila hilo ugomvi huu utaonekana wa wehu wawili.

Katika mji ule a ilikuwa mali ya Ofisi. Kila mtoto aliyezaliwa alipewa yake, ndipo watu wakaweza kusema amelia, amenyonya, amejikojolea. Lakini aliyeingia Chuo kujifunza ualimu aliiacha mlangoni, kama mtu anavyoacha viatu vyake msikitini, akaambiwa atarudishiwa siku atakayofuzu. Tangu hapo alihesabiwa pamoja na vitu. Hakuitwa mwalimu, aliitwa kialimu. Kialimu kimefika. Kialimu kimechelewa. Kile kilichosimama pale kinafundisha sayansi ya viumbe. Na kwa kuwa vitu havikai, vitu huwekwa, kialimu hakikuruhusiwa kukaa. Kiliwekwa mbele ya ubao, kikabaki hapo.

Mwanzoni ilimchekesha. Yeye na wenzake walitaniana bwenini. "Wewe, umekula?" "Kimekula, kimeshiba, kinataka kulala!" Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha ikaacha kuchekesha, maana maneno ya Chuo hayabaki Chuoni. Yalimfuata nyumbani. Mama mkwe alimwuliza jirani, "Kimerudi kile?" Mumewe aliwaambia wageni, "Subirini kidogo, kinapika." Na siku moja binti yake wa mwisho, aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno, alimwona akiingia mlangoni na mkoba wake, akapiga makofi kwa furaha, akasema, "Mama kimekuja!" Mwasiti hakulia. Alikuwa na sufuria za kuosha. Aliziosha zote, kisha akaanza kuosha zile zilizokuwa safi.

Kisa hiki kinamwita kwa a. Hiyo a haikutolewa na Ofisi. Imechukuliwa tu, na anayeidai aje aidai.

Alikuwa na muda mwingi wa kufikiri, kwa sababu kusimama ni kazi ya miguu tu, kichwa kinabaki huru. Alifikiri hivi. Mfenesi uliolisha ukoo mzima haukupata a: mfenesi umezaa, mfenesi umekauka, mfenesi ukatwe. Moyo wake mwenyewe, unaodunda bila kuombwa wala kushukuriwa, hauna a. Mimba aliyoibeba kabla ya watoto wake haikupata a. Imetoka, walisema, kama vile mtu asemavyo karatasi imetoka kwenye daftari, naye akaambiwa alale kidogo na asiwaze. Lakini shetani, ambaye hakuna aliyewahi kumshika mkono, ana a yake safi. Maiti naye anayo: maiti ameoshwa, maiti amevishwa sanda, maiti amezikwa. Kwa hiyo a haikuwa uhai, hilo alilijua bila kuambiwa na mkufunzi yeyote. Ilikuwa nini basi? Uso kwa uso na mtu aliitwa kwa u: umefika, umechoka. Haikumfariji, kwa sababu mti nao ni u, na ukuta ni u, na ugonjwa ni u. Akijisema mwenyewe alikuwa ni. Nimefika. Nimechoka. Hiyo hawakuweza kumnyang'anya. Lakini ni haivuki mdomo wa mwenyewe. Hakuna mtu wa pili duniani awezaye kukuita kwayo. Na mtu akichoka sana, hata ni inakuwa nzito kuinyanyua, anaishia kusema tu, "Kazi ipo."

Ndipo likaja agizo la vitendo. Ofisi ilisema watoto wamekariri vya kutosha. Sasa wajifunze uhai kwa mikono yao. Vialimu vyote vilifurahi. Agizo lilikuja na zana zake ndani ya gunia: jiwe moja, na kuku mmoja wa boksi, aliyekatwa kwa wembe na kupakwa rangi nyekundu kichwani. Jiwe ni kisicho hai. Kuku ni kiumbe hai. Watoto walipokezana jiwe, wakaimba, "Halili! Halipumui!" Walipokezana kuku, wakaimba, "Anakula! Anapumua! Anataga!" Kuku yule wa boksi alikuwa na a halali, yenye muhuri chini ya mkia. Mchwa wakaja wakaanza kumla miguu, na hao ndio waliokuwa viumbe hai pekee katika somo zima. Wakapulizwa dawa wasije wakaharibu zana.

Mwasiti alifundisha kwa kuku yule mpaka shingo ya boksi ikalegea. Watoto walipata maksi zote. Hakuna aliyejua kitu.

Hamira ilimjia jikoni. Alikuwa amekanda unga wa maandazi, akaufunika kwa kitambaa, akausahau kwa sababu mtoto alikuwa anaharisha. Aliporudi, unga ulikuwa umekisukuma kitambaa juu, umevimba kama tumbo la miezi saba. Aliuwekea kiganja. Ulikuwa na joto, na ulijibu: ulishuka kidogo, ukatoa pumzi. Alisimama pale na kiganja chake, mafuta yakiungua jikoni. Aliwakumbuka wanawake wote aliowahi kuwasikia, maandazi yakiwa magumu kama mawe, wakisema, "Hamira imekufa hii, kanunue nyingine." Imekufa. Walijua basi. Walijua siku zote, wakaendelea kuiita kwa i, na yeye mmoja wao.

Ndiyo maana siku ya mtihani wake wa mwisho, mbele ya mkaguzi, hakutoa jiwe wala kuku. Alitoa chupa ya plastiki yenye maji ya uvuguvugu, sukari vijiko viwili na hamira, na mdomoni mwa chupa akavisha puto jekundu lililolegea.

"Nani ataniambia humu mna nini?"

"Chai ya maziwa, Kialimu!"

"Uji wa mgonjwa!"

"Subirini. Tunu, njoo. Shika hapa chini kwa viganja vyote viwili. Usibonyeze, shika tu. Unasikia nini?"

Tunu, msichana mwenye pengo mbele na ubishi usioisha, alishika chupa, akafumba macho. "Kuna joto. Kama mtoto mwenye homa."

"Mimi sijashika! Huyu kashika mara mbili!"

"Kialimu, anatoa mapovu!"

"Anajamba!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwasiti naye alicheka, na kicheko kilimshangaza, kilivyotoka kikavu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Hajambi. Amekula sukari, sasa anapumua."

"Anapumulia wapi, Kialimu?"

"Mwili mzima. Hana pua."

"Maskini," alisema Tunu.

Hakuna aliyewafundisha kusema anatoa, anajamba. Iliwatoka yenyewe, kama inavyomtoka mtoto anayemwona mdudu sakafuni. Na walipokuwa wakipigania chupa, puto likainuka taratibu, upande mmoja kwanza, kama mtu anayeamka hataki. Kabla hawajaanza, maji yakiwa bado yametulia, Mwasiti alikuwa ameandika sentensi ya kwanza ya somo, na mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe: Hamira amelala. Aliiona a ile mara tu ilipotoka kwenye chaki. Wanaoandika ubaoni wanajua kwamba kosa hufutwa kwa kidole kabla halijasomwa. Kidole chake kilifika nusu ya njia, kikarudi. Nayo a ikakaa pale juu muda wote wa kicheko, mpaka Ngwali akanyanyua macho, akaisoma, akasimama nyuma ya darasa.

Sasa alikuwa amekwisha kupiga kelele. Alitembea mpaka mbele, katikati ya madawati, rula chini ya kwapa, akaongea kwa sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa masharti ya dawa.

"Unadhani a tunazichota kisimani? Zinatolewa kwa kiasi. Ukimpa..." Alijiuma ulimi. "Ukiipa hamira, kuna mtu ataikosa. Na humo chupani zimo hamira ngapi? Unajua wewe?"

"Sijui. Wengi."

"Nyingi!"

"Wengi!" waliitikia watoto kwa sauti moja, kama walivyozoea kukariri.

"Unaona? Unaona ulichofanya? Kesho watasema mchele amepikwa." Ngwali alifuta jasho. Kisha akatoa kwenye mfuko wa ndani kikaratasi kilichokunjwa kama dawa ya unga ya zahanati. "Sogea hapa. Hii ni ya kwako. Nimeiombea mwenyewe Ofisini, nimepiga magoti. Sijasahau nani alikuwa akinifuta pua."

Mwasiti alikisogelea. Kutoka ndani ya mikunjo ile, kwa mbali, alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mama yake afariki: "Amekuja! Jamani, amekuja mwanangu, mtengeeni chakula!" Mama hakuwahi kujua habari za Chuo. Alikufa akiwa na binti mwenye a. Mwasiti alishika ukingo wa dawati.

"Nifanye nini?"

"Dogo tu. Futa a, andika i. Halafu lile pale." Alinyoosha rula kwenye kona, ambako birika la chai ya mkaguzi lilikuwa linachemka juu ya jiko la mkaa. "Mwagia chupani. Kama ni kitu, hakuna kilichopotea. Kama wewe unasema si kitu, baada ya maji hayo hatutakuwa na ubishi tena. Huu ni mtihani wa vitendo, Mwasiti. Lazima kiwepo kitendo."

Alimwita kwa jina. Hakuna aliyemwita kwa jina ndani ya jengo lile tangu aingie.

"Mwaga, shoga," ilisema sauti ya dirishani.

Ilikuwa ya Sikitu. Waliingia Chuo pamoja, wakalala kitanda cha juu na cha chini, na Sikitu alikuwa amefuzu kipindi hiki hiki, mbele ya watoto hawa hawa. Sasa alikuwa amekaa kwenye stuli, miguu ameinyoosha mbele yake, visigino vimetua kwenye saruji.

"Mimi nilileta maharage," alisema Sikitu. "Niliyaotesha kwenye pamba, yakatoa majani mawili mawili. Nikayamwagia. Hayakusema kitu. Yalilegea tu. Na sasa nitazame, nimekaa."

"Unajisikiaje?"

"Nimekaa," alisema Sikitu tena, akageuza uso nje.

Mwasiti aliitazama miguu ya mwenzake. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka kwenye vifundo. Aliionea wivu miguu ile kama mtu anavyoonea wivu gari, nyumba, mume mpole. Kiungo kwa kiungo aliionea wivu.

"Kialimu, usimwage," alisema Tunu. "Ataungua."

"Hakuna wa kuungua humu," alisema Ngwali. "Na wewe kaa. Au njoo, njoo hapa mbele. Njooni wote. Tutende haki. Dalili za uhai mnazijua. Anayegawa a lazima kwanza awe nayo, sivyo? Haya, kipimeni hiki kialimu chenu. Kwa vitendo."

Watoto walikuja. Walimzunguka Mwasiti kwa aibu, kama wanavyozunguka mgeni aliyeleta zawadi ambaye hajaifungua.

"Kinakula?" aliuliza Ngwali.

"Hatujawahi kukiona kikila," alisema mmoja.

"Kinajongea?"

"Hapana. Kimewekwa."

"Kinakua?"

"Kinapungua!"

"Kinazaa?"

"Kilizaa zamani."

"Kinatoa taka za mwili?"

Walichekea viganjani. "Hakijawahi kuomba ruhusa."

"Kinahisi? Tunu, kifinye mguu."

Tunu aliinama. Alifinya kidogo, akatazama juu, akafinya tena kwa kucha. Mwasiti aliona kucha ikizama kwenye ngozi yake, akangoja maumivu yafike, hayakufika. Mguu ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema "Aa!" tu, neno moja, darasa likatulia. Lakini uongo nao unataka nguvu, na nguvu aliyokuwa nayo ilikuwa inatosha kusimama.

"Hakihisi," alisema Tunu polepole.

"Imebaki moja. Kinapumua?"

Tunu alizunguka nyuma. Aliweka viganja vyote viwili mgongoni mwa Mwasiti, bila kubonyeza, vilevile alivyoishika chupa, akafumba macho. Darasa zima lilisubiri. Hata Sikitu aligeuza shingo.

"Ana joto," alisema Tunu.

"Kina."

"Ana joto, Bwana Mkufunzi. Kama yule."

Ngwali alikwenda kwenye kona, akalichukua birika kwa leso, akaja kumkabidhi Mwasiti mpini mkononi. Akamwekea na kikaratasi kwenye kiganja cha pili. Birika huku, kikaratasi kule. "Malizia," alisema, karibu kwa upole. "Malizia ukakae."

Ni unga. Ni unga tu. Pakiti ya buluu, dukani kwa Mpemba, unakata kwa meno unamimina. Nimeua wangapi kwenye mafuta, maandazi mangapi, miaka mingapi, na sikuwahi kuwauliza. Nimechoka. Nikikaa nitakaa hivi, visigino chini. Nitafika nyumbani, mtoto atapiga makofi, atasema amekuja. Nani atauliza habari za chupa? Kesho nitanunua pakiti nyingine. Ina wengine. Nimesema wengine. Tena. Mkono una birika, limekuwa jepesi lini? Na huku mama anaita, amekuja, amekuja. Mama, mtengeeni chakula nani? Yule atakayefika kwako na a hii, atakuwa nani?

Maandazini niliwala. Tulikula, watoto wakashiba. Hapa hakuna anayekula. Hapa ni kumwaga ili ijulikane nani ana birika.

Ndiyo hiyo basi. Ndiyo a. Miaka yote nimesimama nikidhani ni heshima, nikidhani ni kiti. A ni ile inayomfanya mtu asite kidogo kabla ya kumwaga. Basi. Hakuna zaidi. Asiyekuwa nayo anamwagiwa bila kuulizwa, na anayemwagia anakwenda kukaa. Sikitu amekaa juu ya maharage yake. Na mimi nikiipata kwa njia hii nitakuwa nimeipata kwa birika. Nitapewa rula. Nitaingia darasa hili, kipindi hiki hiki, nitamkuta Tunu amewekwa mbele ya ubao na kitu chake kwenye chupa, na nitampenda, nitakuwa nimemwombea Ofisini, nitamwambia kwa upole kabisa, malizia ukakae.

Mwasiti aliweka birika sakafuni. Aliweka kikaratasi juu ya kifuniko chake, pale pale penye mvuke, na hakukitazama tena. Alichukua chupa, akavua puto. Hewa ilimpiga usoni yote kwa mara moja, chachu na tamu, harufu ya togwa ya arusini.

"Toeni mikono."

"Kialimu?"

"Mikono yote miwili. Mkinge, kama mnaomba maji ya kunywa. Bana vidole, Tunu, usivujishe."

Walikinga. Alipita kutoka mmoja hadi mwingine, akamiminia kila mtoto kidogo, maji ya rangi ya maziwa yenye povu, yakitetemeka kwenye viganja. Hakufanya haraka. Aliyekuwa na mikono midogo alimpa kidogo, mwenye mikubwa akampa zaidi, kama anavyogawa mboga nyumbani. Watoto walinyamaza jinsi watoto wanavyonyamaza wakipewa kifaranga washike.

"Rudisheni!" Ngwali alikuwa amelinyakua birika, kikaratasi kilianguka, akakikanyaga asipate kupeperuka. "Rudisheni chupani, nasema! Kialimu, waambie warudishe!"

"Mwaga," alisema Mwasiti.

"Nini?"

"Si ni kitu? Mwaga. Viganja hivyo hapo, chagua pa kuanzia."

Ngwali alisimama na birika lake. Mvuke ulimpanda kwenye suti. Watoto walimtazama, mikono wameikinga mbele yao, hakuna aliyeirudisha nyuma. Alilielekeza birika kwa mmoja, akaliondoa. Kwa mwingine, akaliondoa. Tone moja la maji lilimwangukia kwenye kidole chake mwenyewe, akaruka.

"Hutaipata," alisema. Sauti ilikuwa ya dawati la mbele. "Unanisikia? Hii naiunguza. Utakufa hivyo hivyo ulivyo, na hata maiti yako sijui tutaiitaje."

"Najua," alisema Mwasiti. Alijimiminia yaliyobaki kwenye kiganja chake mwenyewe, akaiweka chupa tupu juu ya meza.

"Kialimu, tukifika nyumbani tumpe nini?" aliuliza Tunu.

"Unga na sukari kidogo. Mfunikeni, mmweke pasipo na upepo. Msimfungulie-fungulie mkimchungulia, atapata baridi."

"Na wewe?"

"Nakuja nyuma yenu. Twendeni. Taratibu mlangoni, asimwage mtu."

"Lakini kengele haijalia."

"Haitalia. Twendeni."

Wakatoka. Hatua ya kwanza ilimuuma Mwasiti mpaka akafumba macho, maana mguu uliokufa ganzi huuma unapoanza kurudi. Ya pili ilimuuma zaidi. Alipita karibu na stuli ya Sikitu. Sikitu alivuta miguu yake ampishe. Nje kulikuwa na jua la saa yoyote ile. Watoto walitangulia kwa mstari kwenye kiwanja cha vumbi, kila mmoja akitazama viganja vyake na si njia, wakigongana migongo na kulaumiana kwa kunong'ona.

Dirisha la darasa lilifunguka kwa kishindo.

"Mlinzi!" alipiga kelele Ngwali. "Mlinzi wa geti! Kuna kitu kinatoroka! Kizuie kitu hicho!"

Mlinzi, mtu mwenye kofia pana kuliko kichwa chake, aliinuka kwenye benchi, akashika rungu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akainama akachungulia chini ya benchi. Watoto walimpita mmoja mmoja, akawapisha.

"Kitu gani, Mkuu?" alijibu kwa sauti, amejikinga jua. "Mbona hapa wanapita watu tu?"

Mwasiti alipita wa mwisho, kiganja kimoja kimejaa, na kwa mkono wa pili akalirudishia geti.